Nani Atakaa na Sura za Mapenzi, Bibi?

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu nakujua: mtu asiyekuamkia ulikuwa humwoni hata akisimama mbele yako. Sisi huku Nkende hatujambo. Baridi ya asubuhi ni ileile, kahawa imechanua, na mwanangu Mwita, yule uliyekuwa ukimwita mume wako, ameota ndevu mbili tatu na anazinyoa kama mtu mwenye kazi kubwa.

Nakuandikia habari za Jumamosi zetu za kusoma. Nusura zife, Bibi. Wewe ndiye uliyeziponya mara ya kwanza, kwa hiyo ni haki yako kujua safari hii imekuwaje.

Unakumbuka zilivyoanza. Mwalimu Zuhura, yule wa Lindi aliyeletwa huku kufundisha Kiswahili sekondari, alikuja kutoa fotokopi za mtihani dukani kwangu akaanza kulalamika. Wanafunzi wake wanasoma simu tu. Riwaya za zamani hawazitaki, eti ni ndefu na Kiswahili chake ni cha mababu. Nikamwambia kwetu kuna ua mkubwa na viti vya kuazima havikosekani. Basi vijana wakaanza kuja Jumamosi mchana, wakisoma kwa zamu, kwa sauti, kitabu kimoja mpaka kiishe. Wewe ukawa unachemsha ndizi, na mwanzoni walikuja kwa ajili ya ndizi. Hukujali. Ulisema hata ng'ombe hamfuati mchungaji, anafuata majani.

Halafu ikaja siku ile. Hata sasa nikiikumbuka nacheka peke yangu dukani, wateja wananishangaa.

Baba alikuwa na desturi ya kukaa pembeni na redio yake, akijifanya hasikilizi. Mwalimu Zuhura akataka kumheshimu mwenye mji. Akampelekea kitabu kwa mikono miwili: "Mzee, leo tunaomba wewe utusomee." Baba akavaa miwani, akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya balozi wa nyumba kumi anayetangaza mkutano. Kitabuni mvua inanyesha. Binti amesimama kwenye baraza la jikoni. Kijana fundi seremala anakuja, amelowa. Mimi nimekaa palepale nimenyoosha miguu, Mwita yuko kando yangu. Nikaona Baba anapunguza mwendo. Akasoma, "Akamsogelea." Akasoma, "Akam..." Akafunga kitabu, akaruka juu.

"Ng'ombe wametoka!"

Ng'ombe wetu wote walikuwa Natta kwa baba mdogo, na hapakuwa na mtu asiyejua. Lakini Baba alichukua fimbo akatoka nayo mpaka barabarani, akachungulia huku na huku. Mimi nami nilikuwa nimeshakimbilia jikoni.

Mwalimu wa watu alibaki amesimama. "Jamani, nimekosea nini?" Ukamkalisha ukamwambia, nilikusikia kupitia dirishani: "Hujakosea, wewe ni mgeni. Kwetu sisi Wakurya baba na binti yake hawasikilizi maneno ya mapenzi pamoja. Ni soni. Hata mama na mwanawe, hapana. Lakini bibi na wajukuu? Hawa ni waume zangu, na hawa ni wake wenzangu. Sisi tunaongea yote."

Jioni Baba akatoa hukumu: vitabu hapa kwake basi. Nililia, Bibi. Unajua niliacha shule mapema, na duka lile la fotokopi nilirithi. Jumamosi zile ndizo kitu pekee nilichokianzisha kwa mikono yangu kikaota mizizi. Hukunibembeleza. Ulikwenda ukasimama mbele ya mwanao, ukamwambia polepole, "Mimi nililetwa kwenye mji huu nikiwa msichana. Wewe ulizaliwa humu ukanikuta. Mgeni hapa ni nani?" Baba akaongeza sauti ya redio. Kesi ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo ukawa mlinzi wa sura za mapenzi. Tukizifikia, mimi natoka kwa mlango wa jikoni, Baba anatoka kwa mlango wa mbele, wewe unabaki na vijana. Kusoma ulikuwa hujui, lakini hakuna aliyethubutu kuruka mstari. "Simama hapo," ulikuwa ukimkatisha msomaji. "Huyo seremala amemshika binti mkono. Ng'ombe amepeleka?"

"Bado, Bibi."

"Basi amwachie! Soma."

Ghati, yule binti mrefu wa jirani, alikubishia siku moja. Akasema binti wa riwaya hapaswi kuuzwa kwa ng'ombe, achague mwenyewe. Vijana wakadhani utakasirika. Ukamwambia, "Mimi sikuulizwa. Wewe ukiulizwa, usijibu haraka." Ghati hajakosa Jumamosi hata moja tangu siku hiyo, na sasa anaazima vitabu kwenda navyo nyumbani.

Hayo yote niliyajua kwa sababu ulinisimulia. Jioni, wageni wakishaondoka, ulikuwa ukinitolea habari yote ya sura niliyoikosa, na maoni yako juu yake, ambayo yalikuwa marefu kuliko sura yenyewe. Mimi na wewe hatukuwa na soni. Tulicheka mpaka Baba akagonga ukuta.

Ulipotuacha nilikulilia sana, na bado kuna siku nakulilia. Baada ya msiba Jumamosi zikarudi, lakini zilirudi zikichechemea. Mwalimu Zuhura alikuwa ameshahamishiwa Serengeti. Anakaa Morotonga na amefungua kikundi kingine huko. Anakusalimu kaburini. Aliniambia kwenye simu kwamba safari hii ametafuta kwanza bibi, ndipo akatafuta vitabu.

Huku kwetu hatukuwa na bibi. Nilikwenda kumwomba mama mzee wa nyumba ya chini, akaja vizuri, akala ndizi, akalala kabla ya ukurasa wa pili. Mwingine aligoma, akasema hana nguvu za kucheka. Basi tukawa tunaruka. Tukifika penye mapenzi nasema, "Fungueni sura inayofuata," na wao wanafungua huku wakiangalia chini. Vijana wakaanza kupungua. Mwita ndiye aliyenipasulia: "Mama, tunasoma watu wanaoana, hatujui walipendana lini. Kitabu hakina maana." Usiku ule niliamua moyoni kwamba tukimaliza kitabu hiki nawarudishia watu viti vyao.

Jumamosi iliyofuata tukafikia tena sura ya namna hiyo. Nimefungua mdomo niseme warukie mbele, nikasikia redio imezimwa.

"Bhoke," Baba akaniita. "Nenda dukani ukanunue chumvi."

"Baba, chumvi ipo."

"Nenda."

Hakuniangalia. Lakini alikuwa amevaa miwani, Bibi, na kiti chake alikuwa ameshakisogeza katikati ya vijana. Hapo ndipo nilipoelewa, mimi mjinga. Wale ni wajukuu zake! Ana haki nao kama uliyokuwa nayo wewe. Siku ile ya ng'ombe wa Natta hakukikimbia kitabu wala vijana. Alinikimbia mimi.

Nikanunua chumvi. Nikakaa kwa jirani, nyuma ya ukuta wetu, na pakiti yangu mapajani. Nikasikia Baba anasoma, na haikuwa sauti ya balozi. Alikuwa anaitoa sauti nene ya kijana wa kitabuni, kisha akaibana ikawa nyembamba, ya binti. Baba yangu! Kicheko kikalipuka mpaka kuku wakakimbia. "Mura, rudia hapo!" akamwamrisha kijana aliyepokea zamu ya kusoma. Kisha nikamsikia akisema kitu kwa sauti ya chini, maneno yenyewe hayakunifikia. Halafu kicheko kikubwa kuliko cha kwanza. Nilicheka na kulia pamoja, jirani akaniuliza kama naumwa.

Niliporudi, Baba alikuwa pembeni na redio yake, uso umekauka. "Umechelewa," akasema. Ghati alikuwa ameuma pindo la khanga. Mwita alikuwa anahesabu mabati.

"Mmefika wapi?" nikauliza.

"Sura imeisha, Mama."

Basi. Jumamosi hii waliokuja wamejaa mpaka wengine wamekaa kwenye ngazi, na kwa jinsi ninavyotumwa kila sura ya mapenzi, chumvi tunayo ya kupikia harusi.

Lakini Bibi, sura ile nimeisoma mwenyewe mara nyingi na haina mahali pa kuchekesha. Kuna kitu Baba aliwaambia. Kumuuliza siwezi, Mwita hawezi kuniambia, na Ghati akiniona anakimbia. Mtu ambaye angenieleza ni mmoja tu, naye ndiye ninayemwandikia. Pumzika vizuri. Ila ukipata nafasi, nijie hata ndotoni, unong'one: mwanao alisema nini?

Mjukuu wako, mke mwenzio,
Bhoke