Hema la Msiba Langoni kwa Emama

Gulele, Addis Ababa
Jumamosi, 21 Hamle

Mpendwa mdogo wangu Kifle,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo wewe, hajambo mkeo Hirut, na baridi ya huko Oslo inawaachia mpumue? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu, ingawa mvua za Hamle hazijatupa nafasi hata ya kuanika kitambaa. Magoti ya mama yetu, Emama, yanamuuma kama kawaida, na ulimi wake mzima kama kawaida.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika penye maana. Unauliza kwa nini nyumba ya mama yetu haijauzwa hadi leo, wakati tulikubaliana ahamie kwangu Jemo asiendelee kukaa peke yake chini ya paa linalovuja. Sauti yako niliisikia: unadhani mimi ndiye ninayechelewesha. Sikulaumu, nami ningeshuku. Miaka ishirini na sita nimetunza ghala la hospitali, na sijawahi kuona kitu kikipotea bila mtu nyuma yake. Hapa pia nikaanza kumtafuta mtu.

Wa kwanza kumtilia shaka alikuwa jirani, Ato Demissie. Unamkumbuka, yule mrefu. Siku hizi ndiye mtunza mali ya edir, chama chetu cha kuzikana: hema, mabenchi, masufuria ya msiba, vyote vimo stoo kwake, ukuta kwa ukuta na Emama. Siku alipokuja mteja wa kwanza, mwenye duka la matairi pamoja na mkewe, tulikuta hema la msiba limesimama mbele ya lango letu na mabenchi yamepangwa. Yule bwana akavua kofia. Mkewe akageuza ukingo wa netela yake, ile shali nyeupe, kama mfiwa, akaketi, akaangua kilio kizuri kuliko vingi nilivyosikia kwa ndugu wa damu. Emama akawapitishia nafaka za kuchemsha, za moto, wakala. Wakasema Mungu awatie nguvu, wakaenda zao. Nani atauliza bei ya nyumba kwa wafiwa?

"Ato Demissie, kafa nani?" nikamuuliza.

"Hajafa mtu, Zenebech. Hema limelowa, nalikausha."

"Mbele ya lango letu?"

"Ndipo penye jua, dada yangu."

Jua, mwezi wa Hamle! Mteja wa pili alikuja mvua ikinyesha, na hema lilikuwepo vilevile. Nani anakausha hema mvuani? Hapo nilimwambia mbele ya mtaa mzima kwamba anatuchuria kifo ili aipate nyumba kwa bei ya kutupa. Nilimwita fisi. Aliendelea kukaza kamba zake kichwa chini, na hilo likanizidishia shaka.

Nikamshuku na dalali aliyewaleta wateja hao wawili, kwamba ndiye anayempasha habari. Basi mteja wa tatu nilimtafuta mwenyewe. Siku ya kuja kwake sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nilimwambia Emama tu, ili avae gauni safi.

Hema lilikuwepo.

Nilisimama langoni, mteja akitoa pole zake, nikamtazama Emama akipita na sinia la nafaka. Ngano na dengu, Kifle. Hizo huloweki leo ukala leo. Hulowekwa tangu jana. Na ni nani anayeloweka nafaka za msiba ambao haujatokea? Kikulacho ki nguoni mwako. Mara tatu nilikuwa nimekula ushahidi, tena nikausifia chumvi!

Mteja alipoondoka nikamkabili. "Emama, ni wewe."

"Ni mimi," akasema, wala hakuliweka sinia chini. "Demissie alikataa. Nikamwambia, mama yako nilimlilia siku tatu, sauti ikanikauka. Simamisha hema."

"Mbona Kifle ulimwambia umekubali kuuza?"

"Yule yuko mbali. Mtu wa mbali humwambii hapana, atalala vibaya."

Kisha akaketi kwenye benchi la msiba. "Miaka arobaini na moja nawalilia watu wa mtaa huu," akasema. "Huko kwako Jemo, ghorofa ya nne, nimemlilia nani? Nikifa, nani atanipigia tarumbeta ya edir alfajiri watu watoke kunizika? Mtanishusha ngazi kama kabati, wewe na mumeo na dereva."

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Nimekaa Jemo miaka tisa, na jina la mtu wa mlango wa pili silijui. Najua tu kwamba nilimshuku kuniibia ndoo.

Nilikwenda kwa Ato Demissie kuomba radhi. Niliona aibu, mdogo wangu, aibu ya kweli. Nikamuuliza kwa nini aliniacha nimtukane.

"Siri haikuwa yangu," akasema. "Na hilo la fisi usijali. Mama yako siku nilipokataa aliniita vibaya zaidi."

Kwa hiyo nyumba haiuzwi. Mvua zikikatika tutabadilisha mabati, na mimi na mume wangu tutahamia kwenye chumba chako cha zamani. Najua utakasirika. Nikasirikie mimi, yeye umwache.

Yule mteja uliyemtuma wewe mwenyewe anakuja kesho baada ya kanisa. Ningeweza kumzuia, lakini nakujua, ungetuma mwingine. Barua hii ikikufikia atakuwa ameshatoa pole na kwenda zake. Ngano na dengu zimo majini tangu saa kumi, na safari hii nimeloweka mimi.

Msalimie Hirut, na umbusu Meklit kwa niaba ya shangazi yake. Ato Demissie anakusalimu. Emama anakubariki, anasema Mungu akuepushe na kila baya na akurudishe ungali na meno yako. Tena amesisitiza niliandike swali lake hili kama lilivyo, nisilipunguze: huko Oslo, mwanangu, umemlilia nani?

Ni mimi dada yako, ninayeshuku wote na kukupenda wewe,
Zenebech