Enshakala kwa L, Enshakara kwa R

Kibeta, Bukoba, Alhamisi. Manyunyu.

Tangu asubuhi inanyesha ile mvua isiyo na haraka, na ziwa halionekani kabisa. Dirishani naona migomba ya jirani, halafu ukungu, halafu basi. Siku kama hii akili yangu haikai mezani. Huondoka kivyake ikatembea, nami naiacha.

Leo imekwenda Muleba, kwenye kibanja cha mama, shamba la migomba linaloizunguka nyumba.

Ugonjwa wa mnyauko uliingia pale msimu uliopita. Majani yakageuka njano, ndizi zikaoza ndani zikiwa bado changa, na mama akawa anakata shina baada ya shina mpaka nyumba ikaanza kuonekana kutoka barabarani. Tangu nizaliwe sikuwahi kuiona nyumba yetu kutoka barabarani. Shina moja tu la enshakala, aina ya ndizi zetu za kupika, nyuma ya jiko, halikuguswa. Limesimama na linazaa. Majirani wakaanza kuja kulitazama, wakasema hili ni la aina yake, mnyauko umelishindwa.

Mimi nafanya kazi ya vinasaba vya migomba. Watu wakisikia hivyo hudhani nashinda na darubini, kumbe nashinda na kompyuta tu. Jani linapelekwa maabara, yanarudi mafaili makubwa yaliyojaa herufi nne zinazojirudia bila mwisho, nami natengeneza mtiririko wa kuyachambua. Ni programu zilizopangwa kwa zamu: ya kwanza inasafisha, ya pili inapanga, ya tatu inalinganisha, hadi mwisho unatoka mstari mmoja unaosema mgomba huu unafanana na upi. Nimezifunga zote katika kifurushi kimoja, kila moja na toleo lake lilelile, ili mtu yeyote akiuwasha mtiririko kwenye mashine yake apate jibu nililopata mimi, bila kunipigia simu.

Huyo mtu huwa namwota. Simjui. Namwona miaka mingi mbele, labda mimi sipo tena, amekaa mahali penye mwanga mzuri na jani la mgomba wa bibi yake. Anabonyeza mara moja, kisha anakwenda kunywa chai. Akirudi, jibu linamsubiri. Hajui kama niliwahi kuishi, lakini tumeelewana.

Hiyo ndiyo ndoto. Sasa niseme nilichofanya nayo.

Nilichukua jani la lile shina la mama. Mafaili yaliporudi, niliwasha mtiririko, ukaniandikia kwamba mgomba huo hauna unaofanana nao katika mkusanyo wetu wote wa migomba ya vijijini. Nilisoma mstari ule nikasimama. Nilitembea chumbani nikirudi na kwenda, nikaona vibanja vya Muleba vimefunga tena kijani, nikaona watoto wa shina la mama kila mahali hadi Maruku. Nilijiona mwepesi kabisa. Kabla hata sijamwonyesha mtu mwingine, nikampigia mama.

Ndipo nilipoharibu.

Mama akawaambia wenzake kanisani kuwa binti yake wa kompyuta amethibitisha. Jumamosi hii majirani wanakuja na majembe kuchimba machipukizi ya lile shina, kila mmoja apande kwake. Mama tangu afiwe na baba alikuwa mtu wa kusalimiwa kwa mbali. Sasa wanaingia hadi jikoni, wanamwita jina lake kamili na kumuuliza kuhusu udongo. Nikimpigia simu nasikia anacheka na watu.

Juzi nilimwomba Zuhura auwashe mtiririko kwenye mashine yake. Zuhura ni mwenzangu kazini, mtoto wa Bukoba mjini, babu yake alitoka pwani akaja kufanya biashara hapa asirudi tena. Kihaya anakielewa lakini amejifunza ukubwani, kwa hiyo anakisikiliza kwa makini, jambo ambalo sisi wenyewe hatulifanyi. Yeye ndiye aliyezunguka vijijini kukusanya ile migomba tunayolinganisha nayo.

Kwake likatoka jibu jingine: ni enshakala ya kawaida, sawa na zote.

Siku nzima ya jana tulikagua programu moja moja. Hakuna kilichotofautiana. Leo asubuhi ndipo Zuhura alipogeuza skrini yake akaiweka ubavuni mwa yangu, akaangalia kidogo, akaanza kucheka.

"Dada, soma hapa kwako. Sasa soma kwangu."

Nikasoma. Nikasoma tena. Sikuona kitu.

"Wewe umeandika enshakala. Mimi niliandika enshakara, kama wakulima walivyonitamkia. Na la mama yako nimeliandika hivyohivyo, maana wewe mwenyewe unalitamka kwa r!" Akajifuta machozi ya kicheko. "Nyie Wahaya, ndiyo maana siku ya uchaguzi mnakwenda kula."

Mtiririko wangu ulianza kwa kutafuta migomba yenye jina hilohilo ili ulinganishe. Kwenye mashine yangu ulitafuta l, ukakuta wote wana r. Ungepaswa kusimama na kupiga kelele. Lakini niliujenga mimi, na sikuufundisha kupiga kelele. Basi ukaandika kwa upole kwamba hakuna unaofanana nao. Nilikuwa nimefunga kila kitu kwenye kifurushi isipokuwa majina, ambayo kila mtu aliyaandika kwa mkono wake na kwa sikio lake.

Nilicheka na Zuhura. Kisha nikaikumbuka Muleba, kicheko kikakatika.

Tumeondoa majina. Sasa kila jani lina namba, na linalinganishwa na mkusanyo wote bila kujali liliitwaje. Kitu kikikosekana, mtiririko unasimama na kusema. Tukaanza upya kwenye mashine yangu, kwenye ya Zuhura, na kwenye ile kubwa ya ofisini ambayo hatujawahi kuigusa kwa kazi hii. Zote zimetoa jibu moja: enshakala, kama nyingine. Lile shina halina kinga yoyote tunayoiona. Limepona kwa bahati tu, na limesimama katikati ya kibanja kilichougua. Machipukizi yake yanaweza kuwa yameshaubeba ugonjwa bila kuuonyesha, na Jumamosi yataingia kwenye vibanja vya watu ambao bado wana migomba mizima.

Kwa mara ya kwanza mtiririko wangu umefanya nilichokiota. Nami niliketi nikiomba angalau mashine moja ibishe.

Saa kumi nimempigia mama. Nimemweleza polepole, habari ya l na r, habari ya machipukizi. 

"Herufi moja tu, mwanangu waitu?"

"Moja tu, mama."

"Na ukiirudisha?"

Alikuwa anatania. Nusu alikuwa hatanii.

"Nikiirudisha, mama, kompyuta itaniambia tunachotaka kusikia. Lakini watu watapanda ugonjwa."

Akavuta pumzi. Nikasikia sauti ya mwanamke mwingine nyuma yake, ikiuliza kama mama Jumamosi atahitaji kusaidiwa kuni. Mama akamjibu kwa Kihaya kwamba ndiyo, alete. Kisha akarudi kwangu kwa sauti ya chini.

"Siwezi kuwaambia mimi, mwana wange. Njoo. Nitachemsha chai, wakishakunywa, utawaambia wewe."

Kwa hiyo kesho jioni napanda basi kwenda Muleba. Jumamosi nitasimama kati ya majembe yao na lile shina, niwaambie wasichimbe, kisha nimtazame mama yangu watu wakiondoka uani kwake.

Mvua imepungua na ziwa limeanza kuonekana, kijivu juu ya kijivu. Tangu saa kumi najaribu kusema ile sentensi ya kwanza kwa sauti, kwa Kihaya, peke yangu chumbani. Mashine tatu zimetoa jibu moja. Mimi, kila nikiianza, inatoka tofauti.