Ulanzi Uliokataa Kuchacha

Jumamosi usiku, Lyamkena

Wazee hawakuunywa.

Nilidhani namsaidia baba. Mifuko mipya tunayofungashia parachichi kazini ina chembe za madini ya fedha zinazoua vijidudu, nikamwekea katika mfuko mmoja ulanzi wa shughuli ya kujengea kaburi la mama, usije ukachacha kupita kiasi ukawa pombe kali mno. Leo ulikuwa mtamu vilevile kama ulivyogemwa kwenye mianzi. Wageni walionja, wakaweka vikombe chini.

"Mwanangu, huu bado haujawa ulanzi," baba alisema taratibu.

Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma. Tena naogopa. Kama mfuko umeuzuia ulanzi kuchacha, chembe hizo zikiingia tumboni mwa watu je...

Jioni baba aliuosha ule mfuko, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mali ya mgeni.