Mwandiko wa Bi Kidawa

Alhamisi, manyunyu tangu asubuhi.

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika kaka zangu watatu, nimemaliza redio nne na madaktari wawili walioniambia niache chumvi. Shule niliiacha darasa la pili. Lakini leo nimeishinda kompyuta, na sitanyamaza.

Mke wangu, Bi Kidawa, ndiye huandika kadi za harusi za ukoo wetu, kutoka hapa Kaole hadi Lugoba. Kwa mkono wake. Mwaka huu mkono unatetemeka, kalamu haikai. Mjukuu wetu anaolewa mwezi ujao. Juzi akaiweka kalamu chini, akasema, "Basi, safari hii nami nitakuwa mgeni."



Binti yetu Zuhura, aliyeko Dar, akachukua kadi za zamani za mama yake, akaugeuza mwandiko ule kuwa herufi za kompyuta. Wanaita fonti. Leo nikaipeleka kwa Mwanaidi, mwenye duka la uchapaji mjini. Mashine yake ni kuukuu kama mimi, ila ndiyo inayomeza karatasi nene.

Kadi ikatoka na herufi za barua ya serikali.

"Babu, mashine haiijui fonti ya aina hii. Ngoja niibadilishe iwe aina inayoielewa."

Akaibadilisha, akachapa, akatabasamu.

"Siye huyu," nikasema.

"Babu jamani! Si mwandiko wa bibi huu?"

"Herufi ni zake. Lakini Kidawa akiandika neno harusi, h yake huiegemea a. Hapa zimekaa kama watu walionuniana."

"Si ulisema hujui kusoma wewe?"

"Gazeti ndilo linalonishinda. Herufi alinifundisha yeye, kwa mkono huo huo."

Akampigia Zuhura. Kumbe katika kuibadilisha, vipimo vya nafasi baina ya herufi vilipotea njiani. Wakarudia. Bado. Wakarudia tena. Mwanaidi akaniambia hakuna mgeni atakayeona tofauti. Nikajikita kwenye kiti chake cha plastiki mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Nakiri, niliogopa. Nilijiona narudi nyumbani na kadi zenye nusu ya mke wangu.

Mara ya nne h ikaegemea. 

Nikamwashiria kwa mkono achape zote.

Nyumbani, Bi Kidawa aliisogeza kadi dirishani.

"Nani kaandika?"

"Wewe."

"Muongo mkubwa! Mimi jina la bwana harusi siliandiki dogo hivi." Akaitazama tena, sana. "Lete bahasha."

Amezitia zote mwenyewe, polepole, na nilipotaka kumsaidia akanipiga kofi mkononi.

Anayedhani najisifu amuulize Mwanaidi, au Zuhura kwa simu. Bi Kidawa msimuulize. Keshawaambia majirani kwamba kadi kaziandika yeye.

Na hajasema uongo.