Mbuzi Aliyerudishwa Voi

Werugha, 8 Aprili 2025

Mpendwa Mama,

Natumai barua hii inakukuta salama na mguu umepungua uvimbe. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaniuma mpaka masikio.

Nimeanza kazi kwa Mama Mable. Nakata nyasi, nasafisha zizi, nabeba maziwa. Ni vile tu tulivyokubaliana mbele ya Geoffrey, yule afisa wa probesheni, na Mjomba Ndeti aliyesimama badala yako: nikae hapa mpaka Mama Mable mwenyewe aseme moyo wake umepoa, ndipo kesi ifutwe. Shule zikifunguliwa kabla hajasema, narudishwa kortini.

Kinachonichanganya ni kwamba hanigombezi. Alituchongea mimi na wenzangu kwa mwalimu tulipotoroka bwenini, na mimi kwa hasira nikachoma ghala lake la nyasi, ng'ombe wake akafa kwa moto huo. Na bado ananipakulia chakula kwanza! Jana nimelia jikoni, akaniambia moshi ni mwingi, nisogee. Mama, hii ni adhabu ama ni nini? Heri angenichapa.

Simu yangu iko kwa Geoffrey, kwa hivyo barua nampa Sylus wa lori la kabeji.

Mwanao,
Kasiva

Voi, 15 Aprili 2025

Kasiva mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa majirani wote. Mguu bado, lakini kibanda nafungua kila siku, maana ndengu hazijiuzi.

Hata mimi hao watu wa huko siwaelewi. Kwetu Ukambani mtu akikosa, mbuzi anachinjwa, watu wanakula pamoja na maneno yanaisha. Huyu mama anangoja nini? Nimempakia Sylus beberu mmoja mzuri. Mkabidhi kwa heshima, useme ni mamako ametuma. Wakishakula, funga virago uje nyumbani.

Na uvae soksi.

Mamako

Werugha, 23 Aprili 2025

Mama mpendwa,

U hali gani? Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho sijui.

Beberu anarudi na Sylus. Usikasirike. Ama kasirika, mimi sijui tena nishike lipi.

Jumapili ya Pasaka, Geoffrey na majirani walikuja baada ya kanisa. Hapa mtu akitaka kutoa hasira anatasa: anajaza maji mdomoni, anayapuliza, anataja kilichomuuma na kusema kimetoka. Ukitasa na bado umekasirika, umedanganya, na wanasema uongo huo unaleta mabaya nyumbani. Kikombe kikaletwa, nikapiga magoti. Mama Mable alikishika, akakirudisha mezani.

Geoffrey alimuuliza kama shida ni mimi. Akasema hapana, mimi alishanisamehe huko zizini, hata hajui ni siku gani. Halafu akanitazama.

"Hasira iliyobaki ni ya mamako. Mtoto aliachwa aje peke yake, na sasa naletewa mbuzi."

Nilimwambia unaumwa mguu. Akaniuliza kama ni huo mguu unaokufikisha kibandani kila siku. Mambo ya kibanda nilimwambia mwenyewe, Mama. Nilikuchukia kidogo, halafu nikamchukia yeye, halafu nikaenda kukata nyasi.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Kwa nini hukuja?

Mwanao,
Kasiva

Voi, 25 Aprili 2025

Kasiva,

Hali yangu usiiulize. Barua yako nimeisomea kibandani, wateja wakiningoja, na huyo mama nimemtukana kimoyomoyo mpaka saa sita. Halafu nikaanza kutafuta sababu ya kutokuja kwangu. Kwenye mguu haikuwepo.

Mwanangu, nimekukasirikia. Hapa sokoni siitwi Mutindi tena, naitwa mama wa aliyechoma ng'ombe. Nilimtuma Ndeti, nikatuma mbuzi, ili nisiuone uso wako. Mimi nilidhani nakusaidia. Mama Mable namuogopa, lakini wewe nakuogopa zaidi, na sijui mzazi anamuogopaje mtoto aliyemzaa.

Sylus anapanda leo na barua hii. Mimi napanda Jumapili asubuhi. Sina mbuzi na sina maneno. Wala sijui kama hasira yangu itakuwa imeisha, na hata mimi nikipewa kikombe hicho nitase, sitakishika kwa uongo.

Nikifika na bado nimenuna, nifungulie hivyo hivyo.

Mamako