Jumapili Hatupigi Randa

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimetanguliza salamu ili usije ukasema nimekosa adabu, maana yanayofuata ni malalamiko. Nimekaa nayo miezi mingi. Nimeona heri nikuandikie wewe kuliko kuendelea kuwafokea mafundi.

Umetuachia kazi nzuri na tabia mbaya. Kazi naiweza. Tabia ndiyo inayonishinda.

Watu wanaendelea kuja na kamba kama zamani. Wakifiwa wanampima marehemu wao, wanafunga fundo, wanaileta karakanani ili tupate urefu wa jeneza. Wewe ukishaipokea kamba hukuweza tena kukaa. Nakumbuka mchana ule mkeo, Mama Gaudensia, alipokuletea ugali na dagaa wa Nyasa. Ulimega tonge moja tu, kamba ikafika. Ukaniambia, "Odilo, kula wewe, mimi nitakula baadaye." Mimi nilikuwa nimeshika upande wa pili wa ubao, ningekulaje? Wakala kuku wa jirani.

Najua ulichokuwa unaogopa. Ulipopunguzwa kazi kwenye karakana ya ushirika ukaanzisha yako, ndipo soko huria nalo likatuletea viti vya plastiki. Watu wakaacha kuagiza viti vya mninga. Tukabaki na milango na majeneza. Ukawa unatuambia kila siku, "Mkimwambia mtu asubiri, kesho mtamwona kwa yule wa ng'ambo ya soko." Yule wa ng'ambo ya soko! Sijui alikukosesha usingizi mara ngapi, na yeye wala hana habari.

Daktari wa misheni alikuandikia upumzike wiki mbili kwa ajili ya presha. Karatasi ile ninayo. Nyuma yake ulichora vipimo vya mlango wa mtu. Mzee, jamani! Ulikosa kabisa kipande kingine cha karatasi?

Sasa nina Xaveri. Unamkumbuka alivyokuja kwako hajui hata kushika patasi. Leo ni wewe mtupu. Hali chakula kwa wakati, haendi nyumbani, akiambiwa apumzike ananuna kama umemtukana. Mwezi uliopita alisinzia akiwa amesimama, msumeno ukampitia kidole gumba, wakamshona. Kesho yake asubuhi namkuta mlangoni, kidole kimefungwa bandeji, ananiambia, "Mkono wa pili mzima, kaka."

Fundi mwenzetu Zuberi akaniambia, "Mwache aumize na huo, apumzike sawasawa."

Halafu huyo Zuberi. Miaka yote ulimnung'unikia kwa kwenda msikitini Ijumaa. "Mbao haziendi kuswali," ulikuwa unamwambia, naye anajibu, "Ndiyo maana nitazikuta hapahapa, Mzee." Anavaa kanzu, anaondoka, anarudi amecheka na watu. Katika sisi wote ni yeye peke yake asiyeumwa mgongo. Nilichelewa kuliona hilo.

Kwa hiyo nimebadilisha mambo, na najua usingependa. Tunafunga saa kumi na moja jioni. Ijumaa Zuberi anaondoka bila kuulizwa, na Jumapili zamu ni yake peke yake. Ili mtu mmoja aweze, siku za kawaida tunapasua mbao na kuzipiga randa kabisa, zinakaa tayari. Ndiyo, zile ulizotukataza kwa kusema mbao zilizo tayari zinaita kifo. Mama Gaudensia alipoziona zimeegemea ukuta alishika kiuno. "Odilo, hizi zinamsubiri nani?"

"Hazijapewa kimo cha mtu, Mama. Ni mbao tu. Msumari haugongwi mpaka kamba ije."

Hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne alileta ugali, akasimama pale pale mpaka tulipomaliza kula wote.

Jumapili iliyopita, tumetoka Misa, mtu mmoja kutoka njia ya Namtumbo akanishika mkono. Amefiwa na mama yake. Nikampa pole, nikamwambia aende karakanani, Zuberi yupo. Akasema, "Marehemu Mzee asingenifukuza."

"Sikufukuzi, ndugu yangu."

"Na huyo Mwislamu anajua nini habari za jeneza? Wao si sanda tu?"

Kabla sijajibu, Xaveri alikwishaichukua kamba mkononi mwa yule bwana akawa anateremka mbio na shati lake la kanisani. Nikamfuata. Nilimkuta ameshika randa, kidonda kimefunguka, bandeji imeanza kulowa damu.

"Xaveri, rudi nyumbani."

"Mzee asingekubali."

"Mzee amekufa, Xaveri. Amekufa hapo hapo uliposimama, na randa hiyo hiyo mkononi."

Sikuwa nimewahi kulisema kwa sauti. Xaveri alikaa kwenye benchi akalia kama mtoto. Zuberi akaichukua kamba polepole, akaanza kupima, akamwambia, "Kalie nyumbani bwana, unanilowesha mbao." Yule mwenye msiba, aliyekuwa ametufuata, akatazama mbao zilizokuwa tayari, akakaa akangoja. Alasiri haijafika, mama yake alikuwa na jeneza lake, kifuniko kimekaa sawasawa.

Chako hakikukaa sawasawa, Mzee. Tulikitengeneza tumechoka mno, upande wa miguu kikainuka. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Makaburini, wakati Padre anakubariki, mtu alinitia kamba mkononi. Nikaondoka. Sikukutupia udongo. Ulikuwa umenifundisha hivyo, nami nikafuata, na sijakusamehe vizuri. Mimi mwenyewe pia sijajisamehe.

Mama Gaudensia ameomba Misa yako ya mwaka. Siku hiyo karakana itafungwa kutwa nzima, Zuberi naye atakuwepo. Kamba zitakazokuja zitapokelewa na yule wa ng'ambo ya soko. Nilimwendea mwenyewe. Aliweka msumeno wake chini, akasema, "Mimi sijapumzika tangu nifungue hapa. Nilikuwa nawaogopa ninyi." Tumekubaliana kupokezana Jumapili.

Nakuahidi, Xaveri hatafia kwenye randa. Na siku ya Misa yako nitabaki kaburini mpaka mtu wa mwisho aondoke, ndipo nikuwekee udongo wangu.

Pumzika, Mzee. Safari hii huna ruhusa ya kukataa.

Fundi wako,
Odilo