Kiatu Kimoja Mguuni

Bwenini,
Jumapili jioni

Kwako Dada,

Salamu nyingi zikukute hapo hapo kwenye cherehani, na kama una nguo ya mtu mkononi, iweke kwanza. Hujambo? Baba na mgongo wake hawajambo? Shemeji je, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Mimi mwili wangu ni mzima.

Matokeo yametoka. Nimeongoza darasa tena. Najua Baba ameshatangaza mtaa mzima, nawe umepiga vigelegele mpaka wateja wakashtuka. Mimi nilisoma jina langu pale ubaoni, nikaenda kufua soksi.

Habari nyingine ni ya kikundi chetu cha ushauri. Mwalimu wa saikolojia alichagua wanafunzi wachache wa kuwasikiliza wenzao walioelemewa. Nilikuwa wa kwanza kuchaguliwa, maana kwenye jaribio la kutambua hisia za watu niliwapita wote. Akanipanga na msichana tunayemwita Redio, kwa kuwa akianza kusema hana kituo.

Juzi tulifanya mazoezi. Redio awe mshauri, mimi niigize mwanafunzi mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Nikasema kwamba asubuhi navaa kiatu kimoja, kisha nakaa kitandani nikikitazama cha pili mpaka kipindi kinaisha. Kwamba chakula hakina ladha. Kwamba nasoma sana kwa sababu kitabu hakiniulizi hali. Kwamba siku nyingine naona afadhali nisingeamka. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akasema hajapata kuona mwigizaji kama mimi, akaniomba nirudie mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nikamshukuru.

Redio hakupiga makofi. Tulitoka naye akiwa kimya, jambo ambalo lenyewe ni muujiza, kisha akasema Jumanne alipita kuazima daftari, akanikuta mlango wazi, nimekaa na kiatu kimoja mguuni, na sikumwona. Akauliza ni sehemu gani niliyoigiza. Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja.

Dada, sikuigiza hata neno moja. Mganga hajigangi, lakini mimi hata kujua kwamba naumwa nimeambiwa na Redio. Silii, sisikitiki, sifurahi. Ningekupigia simu ningesema sijambo na kukata, ndiyo maana naandika.

Kesho asubuhi Redio ananipeleka kwa daktari. Naomba uje, Dada. Baba mwambie wewe, kwa namna yako, maana mimi atanijibu kwamba aliyeongoza darasa hawezi kuwa mgonjwa. Na ukifika usiniulize habari za masomo. Hizo ni nzuri.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na mtoto mpe busu la shavu. Redio yuko mlangoni anangoja bahasha ampe dereva wa basi. Leo nimevaa viatu vyote viwili. Cha pili kanivalisha yeye.

Ni mimi mdogo wako,
mnayeniita Profesa